Santuri ya Bibi Yako

Siku ninayoikumbuka, Pendo mwanangu, tulishuka stesheni ya Tabora mimi na mjomba Yohana, tumetoka Bukene na santuri moja niliyoipakata njia nzima. Ilikuwa na sauti ya mama yangu, bibi yako ambaye hukumkuta, akiongoza kwaya ya kanisani kwetu. Alikuwa ameshafariki, na nyumbani hatukuwa na gramafoni. Ndiyo tuliyoifuata mjini.

Dukani kulikuwa na mbili. Moja mpya, nyekundu, inang'aa hata unajiona meno. Nyingine kuukuu, kifuniko kimekwaruzika, iliachwa na mzee mmoja wa reli. Mimi, kijana wa suruali ya bugaluu, nikaganda kwenye ile nyekundu.

Mjomba akanicheka. "Mjomba, unatafuta mchumba au gramafoni?"

Nikamnyooshea mwenye duka santuri yetu aijaribu. Mjomba akanishika mkono. "Hapana. Kwanza aweke ya hapahapa dukani. Mama yako si wa kujaribishia mashine."

Akaunyanyua mkono wa sindano kwa kidole kimoja, kwenye ile mpya, kisha kwenye kuukuu. Ule mpya ulikuwa mzito, unaibonyeza santuri mpaka inakwaruza. Ule wa zamani ulitua taratibu. Hata hivyo hakuinunua hivihivi, maana mjomba hakuwa mtu wa kusifia kitu kwa uzee wake. Aliomba ifunguliwe, akanusa kama kuna kilichoungua, akauliza sindano zinapatikana wapi na fundi ni nani. Aliporidhika ndipo akaniambia, "Haya, sasa mlete dada yangu."

Mama akaimba. Mjomba akageukia mlangoni, akajifuta uso kwa kofia. Nilimpenda sana siku ile.

Sasa umenionyesha kwenye simu gramafoni unayoitaka kwa nyumba yako mpya, imetoka kiwandani juzi lakini imevishwa mbao na bomba la shaba ionekane ya kale. Nzuri, sikatai. Ingekuwa redio ya namna hiyo ningesema nunua tu, itashika stesheni na haitakusumbua. Redio kuukuu usiichomeke kwenye umeme kabla fundi hajaziona nyaya zake. Ila gramafoni usiinunue kwa sura. Nyanyua mkono wake. Uliza kama uzito unarekebishika. Ijaribu kwa santuri usiyoijali. Ile mpya ikifaa, ichukue kwa moyo mweupe. Isipofaa, ile kuukuu tuliyoinunua na mjomba ipo hapa nyumbani Kwihara, nimeipaka nta wiki hii.

Maana santuri yenyewe nakupa wewe. Masikio yangu yamechoka, mwanangu. Kwaya bado naisikia, lakini mama simpati tena katikati ya wenzake. Utamsikiliza kwa niaba yangu.

Mungu akupe nyumba yenye utulivu wa kumsikia bibi yako mpaka mwisho wa wimbo, na watoto watakaouliza ni nani anayeimba.