Kachunusi Kwenye Ubavu wa Samaki

Maji ya bahari yakilala kwenye kopo yana harufu yake, nusu chuma nusu yai, na hata leo nikiipata mwili hunisisimka. Wajukuu zangu huku Mbweni hunicheka. Waache wacheke, hawakuwepo.

Tulikuwa tunakaa Kunduchi, mie bado mdogo, meno ya mbele yameng'oka. Mama ana mimba kubwa, lakini bahari ikipwa anabeba ndoo yake, anakwenda mwambani na wanawake wenzake kuokota chaza. Siku moja akarudi na gamba tupu, ndani yake mayai ya samaki yamejipanga, membamba kuliko punje za mchele, na kila yai lina macho mawili. Yananitazama! Nikakimbilia nyuma ya mlango. Mama akalitia gamba kwenye kopo la maziwa lenye maji ya bahari, akaazima kwa mjomba, aliyekuwa fundi saa, kile kioo chake cha kubana jichoni, akachungulia wee.

"Njoo uone, Zuhura. Kasamaki haka, macho kanayo, mkia kanao, mikono hakana."

Jirani yetu Mama Hamisi, mwanamke mwema ila mdomo wake haukuwa na kifuniko, alikuwa barazani anasuka ukili wa mkeka. Akaruka.

"We Mama Zuhura, una wazimu? Na tumbo hilo unakodolea kitu kisicho na mikono! Utakuja kutuzalia gogo!"

"Nitakuletea wewe uwe unalikalia," Mama akajibu, wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Mie sikucheka. Kila asubuhi nabadilisha maji, nabana kioo jichoni, natafuta mapezi kwenye yai moja nililolichagua, maana nilijiwekea moyoni kwamba kasamaki kakiota mapezi, na mtoto wa Mama ataota mikono. Shule nilikuwaga naenda nikijisikia, na wakati ule sikujisikia kabisa. Ndiyo maana mpaka leo nasoma kwa kuvutavuta. Lakini kale kasamaki nilikasoma. Mwanzo ubavu mtupu, laini. Kisha nyuma ya kichwa pakatokea kachunusi, kama kipele cha joto. Kakavimba, kakatandaza kajani kembamba ka kung'aa, kakaanza kupepea. Pezi! Nikataka kupiga vigelegele, nikasita: nililiona moja tu. Samaki alikuwa amelala ubavu, upande wa pili umejificha, ila akili yangu haikufika huko. Nikajua mdogo wangu anazaliwa na mkono mmoja.

Kesho yake uchungu ukamshika Mama. Wanawake wakaingia, mlango ukafungwa, mie nikabaki uani mikono nimeibana kwapani, isije ikachukuliwa na yangu. Nikamsikia Mama anaguna, halafu kilio chembamba. Mama Hamisi akatoa kichwa.

"Kidume, Zuhura! Kimefanana na babu yake!"

"Kina mikono?"

Ameshageuka, anaitisha maji ya moto. Nikaona wananificha.

Nilipoingia, mtoto amefungwa khanga gubigubi, kichwa tu ndicho kinaonekana. Akina mama wanasifu pua, wanasifu nywele. Mikono hakuna anayeitaja. Nikajitosa, nikaivuta khanga, ikafunguka.

"Atapata baridi, we shetani!" Mama Hamisi akanizaba kofi la mgongo. Lakini ngumi mbili nyekundu zilikuwa zimesharuka juu, huku moja na huku moja, zinatetemeka kama zimenikasirikia. Nikalia kumshinda mtoto mwenyewe.

Juzijuzi mjukuu wangu anayesomea mambo ya viumbe alinionyesha picha kwenye simu: mkono wa mtu tumboni nao huanza hivyohivyo, kauvimbe ubavuni. Nikamwambia hilo si yeye wa kunifundisha. Ila kuna jambo sikulielewa mpaka nilipozaa wangu. Siku ile Mama alikuwa karibu yangu kuliko wote, na mkono wake ungefika kunizuia. Hakunizuia. Alikuwa amejiinua kwa kiwiko, jasho linamtiririka, macho yake kwenye zile ngumi, na midomo yake, bila sauti, inahesabu vidole.