Baba Anamuuliza Mama Kama Yuko

Ndugu yangu Walubengo anauza mbegu na dawa za mifugo hapa Eldoret, na mkulima yeyote wa Ainabkoi atakuambia kijana anajua kuongea. Sasa mweke mbele ya watu na ile laptopu yake ya muziki. Ulimi unakauka, mikono inatetemeka mpaka anabonyeza vitufe ovyo. Pale Chepkoilel, mbele ya wanafunzi, alizima mitambo kabla wimbo wa kwanza kuisha, akashuka akisema eti stima imepotea. Stima gani, na taa zilikuwa zinawaka?

Muziki wenyewe ni mtamu, hapo simnyimi haki yake. Anachukua sauti ya litungu ya marehemu baba aliyoirekodi kwa simu nyumbani kwetu Kapseret, anaikatakata, anaiongezea besi na ngoma za kompyuta. Baba, Mzee Wabuge, alipiga litungu, kinubi chetu sisi Wabukusu, kwenye harusi na matanga maisha yake yote. Tangu tumzike, nyumba imenyamaza vibaya. Hata sasa napika chai ya watu wanne, halafu nakumbuka.

Agosti Walubengo akaalikwa kwenye tamasha la mchana mjini. Chakula kikamshinda. "Dada Nanzala," akaniambia, "nikishuka tena safari hii, hii laptopu nauza." Hayo maneno yaliniuma. Ni kama angemzika baba mara ya pili.

Nikamwambia aniwekee rekodi yote, tangu mwanzo. Kumbe mwanzo alikuwa ameutoa.

"Hapo ni kelele tu, Dada. Baba anakohoa, anamuita Mama."

"Kelele?" Nilimkaripia. "Umewahi kuona baba akigusa uzi kabla hajamuuliza Mama kama yuko? Mzee alikuwa anaogopa watu kukushinda wewe. Mikono ilitulia Mama akishajibu. Lakini utajuaje, kitinda mimba, na ulikuwa nyuma ya hema ukila mandazi."

Hakucheka. Alirudi kwa laptopu yake, akaitafuta ile rekodi nzima.

Siku yenyewe nilimketisha Mama safu ya mbele, na kitenge chake cha kanisani. Hatukuwa tumemwambia kitu. Walubengo akapanda, akasimama nyuma ya mitambo. Ile mikono niliiona ikitetemeka kutoka pale nilipoketi. Watu wakaanza kunong'onezana, na mimi nikasema moyoni, basi, anashuka tena. Ndipo akabonyeza kitufe kimoja.

Baba akakohoa kwenye spika zote. Kisha akauliza, taratibu, vile alivyozoea, "Mama Nanzala, uko?"

Kwenye rekodi Mama hujibu akiwa jikoni. Walubengo alikuwa amelikata hilo jibu. Akangoja. Watu wote walingoja naye, bila kujua wanangoja nini.

Mama aliinuka kidogo kwenye kiti. "Niko, Baba Nanzala," akasema. "Piga."

Walubengo akapiga. Alipiga mpaka mwisho, mikono imetulia, vijana wakicheza na kupiga miluzi. Mimi nililia tu, sikuona hata nusu ya hilo tamasha.

Tulipofika nyumbani tulidhani Mama atatukemea kwa kumshtua mbele za watu. Alikunja kitenge chake polepole, akakiweka kwa magoti.

"Ataniuliza tena lini?" akasema.

"Jumamosi, nikipanda tena," Walubengo akamjibu.

Leo ni Jumatano. Kitenge kishafuliwa, kiko kwa kamba.