Zuhura, kazi ile ya kwanza haikuwa yangu

Akili yangu bado yakataa. Zuhura wa Mtopanga, shoga yangu tangu darasa la kwanza, amezikwa jana alasiri. Presha, siku mbili tu, basi. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Wengi wenu hapa mwanijua kwa website. Bio yangu yasema: "Self-taught web developer, boss wangu mwenyewe tangu miaka ya tisini." Someni mpaka mwisho, halafu mnitukane mkitaka.

Tulipomaliza shule alinipita kwa alama nyingi. Lakini karo ya chuo cha kompyuta mjini ilipatikana kwetu, si kwao. Mimi nikaenda kusoma, yeye akaenda Changamwe kupakia sabuni kiwandani.

Kila jioni akirudi, kabla hata hajavua viatu: "Haya, lete notes." Mikono yanuka sabuni. Wallahi mpaka leo nikifungua kipande cha sabuni ni yeye namkumbuka.

Mwalimu alipotufundisha kutengeneza kurasa za mtandao, mimi sikuambulia kitu. Zuhura alizisoma fotokopi zangu barazani kwao siku nne, akaelewa. Yaani mtu hajawahi kugusa kompyuta!

Aliandika code kwa penseli kwenye daftari la hesabu, lile la viboksi, kila herufi na kiboksi chake. Kazi yangu mimi ilikuwa kulibeba daftari hadi chuoni na kupiga chapa.

Siku moja ukurasa ukatoka mweupe pe. Nikarudi nimenuna, nikamwambia code yake mbovu. Akaitazama karatasi niliyo-print, akacheka mpaka akashika mbavu.

"We Rehema! Hapa umefungua alama, mbona hukuifunga?"

Kosa langu, tena kaliona kwenye karatasi tu, bila kompyuta. Lo!

Ndipo tukapata client wetu wa kwanza, mzee mmoja wa Likoni mwenye nyumba za wageni, ataka watalii wamuone kwenye mtandao. Zuhura alijaza daftari zima. Mimi nikapiga chapa.

Siku ya kuipeleka aliomba ruhusa kiwandani, akavaa buibui lake jipya, tukavuka feri pamoja. Disketi mimi, daftari yeye.

Mzee akaiangalia kwenye kompyuta ya ofisini kwake, ukurasa mmoja mmoja, polepole. "Mashallah! Nani kaifanya hii?"

Zuhura alikuwa kasimama ubavuni mwangu. Nikasema, "Mimi."

Mzee akamgeukia. "Na huyu mwenzio?"

"Rafiki yangu huyu. Kanisindikiza tu."

Kanisindikiza tu! Miaka yote hii, na maneno hayo bado nayasikia kwa sauti yangu mwenyewe.

Alilikunja daftari akalitia mkobani. Kwenye feri, tulipokaribia kushuka, akasema, "Ungesema 'sisi' tu, Rehema. Ningeridhika."

Badala ya kumtaka radhi nikajifanya nimeudhika. Nikamuuliza, ati bila chuo changu angepiga chapa wapi? Nilikuwa na maneno, mimi.

Mzee akanipeleka kwa wenziwe, na hao wakanipeleka kwa wengine. Sikutafuta ajira tena. Zuhura alibaki kwenye sabuni miaka sita zaidi, hadi alipojinunulia kompyuta kuukuu akajiajiri naye. Na akanipita tena, kama shuleni.

Nilipokwama nilimpigia simu yeye. Hata mara moja hakunitupa. "Abee, Rehema. Leo umekwama wapi?"

Sasa sikieni ya jana matangani. Binti yake, Salma, alinishika mkono mbele ya kina mama wote. "Huyu ndiye aliyemfundisha mama kompyuta. Mama alikuwa akisema hivyo kila mara."

Kina mama wakaitikia, "Mashallah, Allah akulipe kheri."

Nami nikasema, "Amin."

Amin! Maiti hata kaburini hajalala usiku mmoja, nami namnyang'anya mara ya pili.

Salma, mwanangu, soma hapa, na watu wote wasome. Mimi sikumfundisha mama yako. Nilimletea fotokopi. Yeye ndiye aliyenifundisha mimi, na kazi ile ya Likoni iliyonipa riziki ni yake, kuanzia kiboksi cha kwanza hadi cha mwisho. Ile bio nimeifuta asubuhi hii. Nikifika kwenu leo nitayasema haya mbele ya kina mama wale wale.

Zuhura, uliniomba neno moja tu, "sisi", na hata hilo ulikuwa wanihurumia. Uliifanya wewe.

Nisamehe, na ulale salama, shoga yangu.