Ubao Ulioruka Juu ya Chai

Mimi siamini kitu kinachompaisha mtu huku aliyekitengeneza amebaki chini. Ndivyo nilivyomwambia yule kijana wa duka la mbolea la Sotik, siku aliyokuja kwetu karibu na Silibwet na mashine yake nyuma ya pikapu, imefunikwa blanketi kama mgonjwa. Nilimjua tangu akibebwa mgongoni na mama yake. Alienda kusomea uhandisi, akarudi na ndevu na ubao unaoruka.

Ubao wenyewe ulikuwa na upana wa mlango, na feni kila pembe. Mtu anasimama juu yake, feni zinalia, ubao unainuka. Akiinama mbele, ubao unaenda mbele; akijivuta nyuma, unasimama. Kijana alikaa sebuleni kwangu, akanywa chai yangu, akatueleza dunia inakoelekea. Majani ya chai yatatoka bondeni hadi kituo cha kupimia bila mtu kuumia mgongo. Mto ukifurika, dawa zitavuka. Na michezo, ndiyo usiseme. Watu watashindana mbio za hewani juu ya mashamba yetu, na dunia nzima itatazama.

"Na nani atapanda?" nikauliza.

Alimtazama binti yangu, na hapo ndipo nilipoanza kumchukia kidogo.

Binti yangu alikuwa mkimbiaji, na si wa kusifiwa na mama yake tu. Alitoka alfajiri na wenzake ukungu ukiwa bado umelala kwenye chai, na alikuwa ameanza kuitwa mashindano ya mbali, hadi mshipa wa nyuma ya kisigino ulipokatika. Daktari alimshona, akasema atatembea, atalima, hata harusini atacheza, lakini mashindano asahau. Tangu siku hiyo alijibu kila kitu kwa "sawa". Ukimwambia chakula kiko tayari, sawa. Ukimwambia ng'ombe amezaa, sawa. Mtoto wa namna hiyo anatisha kuliko anayekutukana.

Sasa huyu amekuja akitafuta mtu mwepesi, asiyeogopa kasi, asiyehitaji kisigino. Alijuaje? Nani alimpelekea habari? Nilimkagua kama ng'ombe wa mnadani ambaye bei yake imeshuka bila sababu.

"Kijana wangu," nikamwambia, "kama hii kitu ni nzuri hivyo, mbona usipandishe dada yako?"

"Dada ni mzito, mama. Hii ya saa hii inataka mtu mwepesi."

"Na betri ikiisha akiwa juu ya mto?"

"Inashuka yenyewe polepole."

"Inashuka polepole kwa maji?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Mume wangu alinikanyaga mguu chini ya meza, maana kwake mgeni ni mgeni hata akija na balaa. Lakini binti yangu alikuwa ameinua kichwa. "Nitajaribu," akasema. Miezi mingi sikuwa nimesikia neno kama hilo kinywani mwake. Ningekataaje?

Jumamosi tulikusanyika kwenye uwanja wa shule, ule uliopakana na chai. Nusu ya kijiji ilikuja. Mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Kogo, yaani bibi, alikuja na kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando tunayowanywesha wakimbiaji wakirudi nyumbani na ushindi.

"Kogo, nani ameshinda?" nikamuuliza.

"Huwezi jua," akasema. "Mtu hujipanga."

Wazee wawili nao walikuwa wamenyoosha kamba mwisho wa uwanja, kwa sababu kwetu mtu akienda mbio lazima afike mahali. Kijana wa mbolea aliiona kamba, akatabasamu tu. Na mimi niliyeshuku kila msumari wa ule ubao, kamba sikuishuku.

Binti akavalishwa kofia ngumu, akapanda. Feni zikalia, nyasi zikalala, akainuka hadi usawa wa kiuno changu. Nilisali macho wazi. Alienda taratibu, akageuka, akarudi, akaanza kuchanganya mwendo. Watu wakashindwa kutulia. Wakakimbia kando yake, wanawake wakapiga vigelegele, "Weka! Weka! Maliza!" kwa sauti zilezile walizompigia enzi za miguu yake. Mwili wake ulisikia. Aliona kamba, akafanya anachofanya kila mkimbiaji wa huku tangu shule ya msingi: akatupa kifua mbele.

Ubao haukujua habari za kifua. Ulichojua ni kwamba mtu ameinama. Ulikata kamba, ukavuka ua, ukaenda zake juu ya chai, kisha sikumwona tena.

Nilikimbia nikimlaani yule kijana kwa maneno ambayo kanisani siwezi kuyarudia. Chai yetu imepandwa karibu karibu, matawi yanashika sketi. Kijana alikuwa nyuma yangu na simu mkononi, akipiga kelele kwamba simu inamwonyesha ubao umetua salama.

"Nyamaza!" nikamwambia. "Nikipata ameumia, utakula hiyo simu."

Tulimkuta amekaa chini katikati ya mistari, ubao umetulia juu ya vichaka. Nilimshika kisigino, nikashika goti, nikashika shingo. Mikwaruzo ya majani tu.

"Umeumia wapi?"

"Hakuna."

"Uliogopa?"

"Hapana."

Lakini alikuwa analia, na si kilio cha mtoto. Kule uwanjani walikuwa bado wanashangilia. Kijana aliinama, mikono magotini, akitweta. Mimi pia nilikuwa natweta, mkono kifuani.

"Umeona hiyo speed?" akamwambia binti yangu. "Umeona? Hii ndiyo future, sista!"

Binti yangu alitutazama sisi wawili, jinsi tulivyokuwa tunatafuta pumzi.

"Mama," akasema, "nimekata kamba na sijachoka."

Nilikuwa nimejiandaa na maswali ya betri, ya mto, ya shingo kuvunjika, si ya hilo. Nilimfungua ile kofia ngumu kidevuni, nikamvua. Nywele zake zilikuwa kavu, bila tone la jasho.