Kompyuta Iliyopunguzwa Mdomo

Hakuna aliyewahi kumshinda Pyo Geum-hui kwa maneno, isipokuwa kompyuta yake mwenyewe, na hiyo nayo alikuwa ameamua kuikomesha.

Geum-hui alipoteza macho akiwa msichana mkubwa. Yeye na mumewe Sang-cheol, ambaye pia haoni, ni wakandaji wa mwili, na chumba chao cha kazi kiko Seoul juu ya duka la dawa. Kompyuta ilimsomea kila kilichokuwa kwenye skrini, lakini haikusoma tu, ilitangaza. Kiungo. Kichwa cha habari. Picha isiyo na maelezo. Fungua mabano, funga mabano. Mwalimu wake wa kompyuta aliiacha iseme yote, kwa kuwa ndiyo kwanza alikuwa anajifunza, na Geum-hui hakugusa mipangilio hiyo miaka nenda rudi.

Mwaka uliotangulia ilimponza. Tiketi za treni za Chuseok, sikukuu ya mavuno ambayo kila mtu hurudi kwao, zilipofunguliwa asubuhi, Seoul nzima ilijitosa mtandaoni na kupanga foleni, maana miaka ile walemavu walikuwa hawajatengewa siku yao ya kukata tiketi. Zamu yake ilipofika alipewa dakika tatu, na kompyuta ikampigia porojo mpaka zikaisha. Katikati ya makelele hayo ilikuwa imesema kwamba kisanduku cha kukubali masharti hakijatiwa alama, lakini nani angesikia? Kule kwao Yeosu mama yake aliandaa meza, kisha akaondoa mabakuli mawili ambayo hayakuguswa. Hilo lilimuuma kuliko tiketi. Mama alikuwa anazeeka, na sikukuu ikishapita imepita.

"Mwaka huu niachie mimi, Dada," alisema mdogo wake Gi-tae, aliyekuja kukandwa mgongo bure. "Hizi ni mbio za wenye macho."

"Macho unayo tangu uzaliwe, na mkeo ananiambia bado unavaa soksi zisizofanana. Lala kifudifudi."

Wiki ile alikaa na mipangilio ya kompyuta kama mtu anayechambua mchele. Viungo, nyamaza. Mabano, nyamaza. Namba ya foleni, ambayo ilijitangaza kila ilipobadilika, hiyo ndiyo nyamaza kabisa. Sang-cheol, aliyekuwa akisikiliza pembeni, akaingiwa na wasiwasi.

"Mama Da-un," alisema, kwani binti yao Da-un, ingawa yuko masomoni Japani, ndiye anayewapa jina nyumbani. "Ukiinyamazisha hivyo utajuaje ulipo?"

"Ukimkanda mtu, anakutajia kila mfupa?"

"Hapana."

"Anakutajia wapi?"

"Panapouma."

"Basi."

Akaiachia mambo mawili tu: kusema ukurasa mpya unapofunguka, na kusema kisanduku kisipotiwa alama.

Siku ilipofika, chumba kilikuwa kimya hata Sang-cheol akadhani umeme umekatika. Ukurasa mpya. Vidole vya Geum-hui vikakimbia: Yeosu, watu wawili, treni ya asubuhi. Ndipo kompyuta ikafungua kinywa: "Hakijatiwa alama."

"Asante, mwanangu," akasema Geum-hui, akabonyeza.

Gi-tae alipiga simu muda si mrefu. "Dada, umepata?"

"Viti viwili. Kimoja cha dirishani."

"Dirishani utatazama nini?"

"Nitaota jua. Wewe je?"

Gi-tae akakohoa. Hakuwa amepata hata kiti kimoja, na mwaka ule alikwenda kwa basi, akashinda njiani katika foleni ya magari.

Yeosu, mama aliwapokea mlangoni na hakunyamaza tena. "Kizingiti hicho, inua mguu. Mto wa kukalia uko kulia. Kikombe hicho cha moto. Kimchi ya majani ya haradali iko mbele yako, songpyeon za ufuta kushoto, hizo nyingine za maharage." Geum-hui alizaliwa katika nyumba ile, na kila kizingiti alikijua kwa unyayo.

Sang-cheol akamwinamia mkewe. "Huyu hana mipangilio?"

"Anayo," alinong'ona Geum-hui. "Ole wako uiguse."

Kisha akainua kipande cha songpyeon, ile keki ya mchele ya sikukuu, ambacho alikijua fika, akakielekeza kwa mama yake.

"Na hii, Mama, ni ya nini?"

Mama akaanza upya.