Figo ya Mwanamke Si Nusu

Ndugu yangu alikuwa mfugaji wa ngamia aliyekatazwa maziwa ya ngamia. Asiyeishi kwetu Garissa hawezi kujua hiyo ni adhabu gani. Figo zake zote mbili zilikuwa zimekufa. Alikuwa akienda hospitali kusafishwa damu kwa mashine, na kila kilichoingia kinywani mwake kilipimwa: maji kidogo, ndizi hapana, maziwa hapana kabisa. Katika joto la kabla ya mvua, lile la kukausha mate, alinyonya kipande cha barafu huku akikitazama kibuyu cha maziwa cha mama kilichoning'inia ukutani. Mimi nilikuwa na hasira na kila kitu. Nilikikasirikia kibuyu, nikalikasirikia jua, nikamkasirikia hata yeye kwa kutolalamika.

Daktari hakutuficha. Mashine inamsogeza tu, alisema, na moyo umeanza kuchoka. Apate figo ya ndugu aliye hai, la sivyo tujiandae.

Kwetu jambo zito halikosi kikao. Adeer, yaani kaka mkubwa wa marehemu baba yetu, aliwaita wanaume wa ukoo. Mmoja alitoka Griftu na vumbi la barabara kwenye ndevu, mwingine akatoka Elwak, na wengine hapa hapa mjini. Wakaketi kwenye mkeka sebuleni kwa mama, viatu vikajaa mlangoni. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia tukichemsha chai ya iliki, maana kazi yetu vikaoni ni chai, na kusikiliza huku tukijifanya hatusikii.

Waliligawa jambo lile kama wanavyogawa dia. Mtu wetu akimuua au kumjeruhi mtu wa watu wengine, fidia hulipwa na wanaume wote wa upande wa baba, kila mmoja na fungu lake. Kwa hiyo wazee waliona figo nayo ni mzigo wa ukoo, na lazima itoke kwa mwanamume wa upande wa baba. Hakuna aliyeuliza kama figo zenyewe zinaijua mila hiyo.

Sitawasema vibaya, walijitolea kwa moyo. Yule wa Griftu alikuwa wa kwanza, akakutwa na sukari ambayo hata hakujua anayo. Wa Elwak alikuwa na presha ya kumshangaza nesi. Binamu yetu dereva wa lori, mwenye kifua kipana kama mlango, damu yake ilikataa kupatana na ya mgonjwa. Mmoja mmoja walirudi wameinamisha vichwa, na miguu ya ndugu yangu ikazidi kuvimba. Katika kikao cha pili walikuwa wameshafika kwa binamu wa mabinamu, watu ambao ungewatambua tu kwa kukariri majina ya mababu.

Hapo nikashindwa kuvumilia. Niliingia na birika mkononi, nikalitua katikati ya mkeka kwa kishindo.

"Adeer, wanaume mmewamaliza. Mimi na huyu tumelala tumbo moja. Mbona sijahesabiwa?"

Adeer akakohoa. "Wewe umeolewa. Kisu kikikudhuru, watu wa mumeo tutawaambia nini?"

"Muulizeni mwenyewe. Yuko hapo mlangoni, anatafuta viatu vyake."

Mume wangu ni mwalimu wa hesabu, mtu mpole asiyependa kutazamwa. Alisimama na kiatu kimoja mkononi. "Adeer," akasema, "mimi nilioa mtu mzima. Sijawahi kukaa kuhesabu figo zake." Mkeka mzima ukaangua kicheko, na baada ya kicheko kile hakuna aliyeweza kurudi kwenye ukali. Nyumbani aliniuliza kama naogopa. Nikamwambia naogopa sana, na ilikuwa kweli.

Nilipimwa Nairobi hadi nikadhani hakuna tone lililobaki mwilini mwangu. Siku ya majibu, Adeer alishikilia kwamba lazima awepo. Kabla daktari hajafungua kinywa, mzee alimsogelea, akashusha sauti kama mtu anayeulizia bei ya ngamia bila wenzake kusikia.

"Daktari, wallahi niambie ukweli kabla hujapasua. Hii ya mwanamke inafanya kazi nusu?"

Daktari, kijana wa bara, hakujua kwamba kwetu dia ya mwanamke ni nusu ya dia ya mwanamume. Alizipekua karatasi zake akiwa amekunja uso. "Nusu ya nini, mzee? Hii ni figo nzima. Tena inamfaa mgonjwa kuliko zote tulizopima."

Kuliko zote! Nilitamani arudie kwa kipaza sauti.

Siku ya upasuaji nilizinduka ubavu ukiniwaka moto, na neno langu la kwanza lilikuwa, "Anakojoa?" Asiyewahi kuuguza figo ataona ni swali la aibu. Nesi akacheka, akaniambia ameanza akiwa bado mezani. Mara nikasikia sauti ya Adeer kutoka nje, mzee ambaye hata choo hukitaja kwa mafumbo, akipiga simu nyumbani kwa kelele: "Amekojoa! Waambieni wote, amekojoa! Allahu akbar!" Nikalia kwa furaha, mshono ukauma, nikaendelea kulia.

Juzi tulikuwa na kikao kingine, safari hii kuhusu malisho. Niliketi mkekani, si nyuma ya pazia, na hakuna aliyenirudisha. Mama alimletea ndugu yangu maziwa ya ngamia, yaliyochemshwa, maana mabichi daktari amekataza. Aliyanywa yote kwa mkupuo mmoja, wanaume wote wakilitazama koo lake likipanda na kushuka. Kisha Adeer akanigeukia.

"Na wewe unaonaje?"

"Naona kwanza chai iletwe na mwanamume."

Wakatazamana. Ndugu yangu, yule ambaye juzijuzi tulikuwa tukimshikia hata kikombe, akainuka, akapita nyuma ya pazia, akarudi na birika kubwa limejaa, amelibeba kwa mkono mmoja. Akawapita wazee wote, akanimiminia mimi kwanza.