Picha ya Mama Mwenye Kitunga

Juzi sokoni, Baraka, fundi wa kushona anayejifundisha kuchora watu, alimchora kwa makaa mama aliyebeba kitunga cha mihogo mgongoni, kamba ikimkaza kwenye paji la uso. Mama akaitazama picha, akacheka.

"Baba, huyu hajabeba kitu. Mugongo imenyooka kama ya sultani!"

"Sasa nichore namna gani, mama?"

Mama akatua kitunga, akamvika fundi ile kamba. Sisi wanaume tuliokuwa tukitazama tulipiga kelele, maana kwetu mwanamume habebi hivyo. Fundi akaenda hatua chache, shingo imeingia mabegani, kisha akakitua kitunga chini, akachora tena.

Picha ya pili ilikuwa na uzito kweli. Sisi wanaume tukaizunguka, tukaisifu. Nyuma yetu, mama alikuwa akihangaika kuinua kitunga chake, peke yake.